Pasta wa Ng'ambo ya Ukuta

Sitawaambia alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani, kwa sababu sijui, na miaka yote ile nilikuwa na kiburi cha kutouliza. Namjua kwa masikio. Kwa miaka tisa tulitenganishwa na ukuta mmoja wa matofali hapa Nyalenda, yeye na kanisa lake la mabati upande ule, mimi na ukumbi wangu wa muziki upande huu, na kwa miaka hiyo tisa nilimwonea wivu. Nalisema neno lenyewe mapema ili msije mkasema nimewaficha. Mtu mzima akisema ana hasira anaheshimiwa, akisema ana wivu anachekwa. Basi chekeni, halafu mnisikilize.

Watu wote walimwita Pasta, na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Kwanza sauti yake, maana ndiyo iliyonitesa. Bila maiki Pasta aliongea kama mtu aliye wodini. Ukikutana naye kwenye kibanda cha chai ilibidi uiname na kutega sikio, na bado ungesema "Eh?" mara mbili. Mwenye kibanda alizoea kumletea chai ya rangi kwa kuangalia midomo tu. Lakini mpe maiki, yawa! Mabati yalicheza. Spika zake mbili alizinunua kwenye duka la Mhindi mjini, nyeusi, kubwa kama kabati la nguo. Moja aliielekeza barabarani na ya pili, Mungu ndiye anayejua sababu, akaielekeza kwangu. Jumapili asubuhi gilasi yangu ilihama yenyewe juu ya meza.

Na alikuwa na tabia ambayo sijaiona kwa mtu mwingine yeyote anayefanya kazi ya sauti. Sisi wanamuziki tukijaribu maiki tunasema moja, mbili, moja, mbili. Pasta alijaribu kwa majina ya watu, tena majina kamili, kama mwalimu anayeita watahiniwa. "Pamela Awuor Onyango." Kimya kidogo, kisha kutoka nyuma ya kanisa: "Inasikika, Pasta!" "Josiah Omondi Were." "Inasikika!" Mimi nilikuwa nimekaa kaunta nikifuta gilasi, nikimwambia mpiga ngoma wangu, "Omera, huyu anajaribu mashine au anaita mahudhurio?" Tulicheka sana.

Neno lake lingine lilikuwa "tutaongea". Nilimwendea na malalamiko yangu yote. Pasta, spika yako imenivunjia gilasi. "Pole sana, jirani. Tutaongea." Pasta, waumini wako wameegesha pikipiki mlangoni kwangu. "Aaa, hapana, hiyo si vizuri. Tutaongea." Alisema hivyo akiwa ameushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, na mimi nikarudi nyumbani nimeridhika kabisa. Ni baada ya kuvua viatu ndipo nilipogundua kwamba hakuna lililofanyika. Sijui ni mara ngapi alinifanyia hivyo, na kila mara nilikubali kama mjinga.

Kwenye mimbari aliisema vibaya miziki ya dunia. Alisema inawapotezea watu mwelekeo, na akisema hivyo alijua fika kwamba maneno yanapita ukutani na kunifikia. Lakini Jumamosi mchana, bendi yangu ikianza, Pasta alitoka na kopo la rangi ya viatu akaketi juu ya jiwe upande wake wa ukuta. Siku moja nilipanda kreti ya soda nikachungulia. Brashi yake ilikuwa inakwenda sawasawa na besi. Nikashuka, nikamwambia mpiga ngoma aongeze mwendo, nikapanda tena. Brashi nayo imeongeza mwendo. Tukaongeza tena, na mtu wa Mungu nusura aitoboe ngozi ya kiatu.

"Pasta, unasikiliza?" nikamwita kutoka juu.

Hakushtuka hata kidogo. "Nang'arisha viatu, jirani."

Ningeweza kumpenda mtu kama huyo, nawaambia kweli, kama si habari ya mke wangu.

Mama Atieno alikuwa mwimbaji wangu. Nilimpata Port Victoria, akiimba kwenye harusi ya binamu yake huku ameshika sinia la wali mkononi, na sikuondoka pale mpaka nilipojua nyumbani kwao ni wapi. Alikuwa na sauti nzito yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, sauti ambayo watu waliacha kutafuna ili waisikie. Ukumbi huu ulijengwa na sauti ile. Mimi nilipiga gitaa, nikasalimia wageni, nikajaza fomu. Na kila mwaka leseni ya burudani ilipotoka niliiweka kwenye fremu, nikaitundika juu ya kaunta pale ambapo kila anayeingia ataiona. Jina la ukumbi, jina langu kwa herufi kubwa, na chini yake, kwenye mstari wa watumbuizaji, jina langu tena, na wengine. Niliipenda fremu ile. Ilinithibitishia kwamba mimi ni mtu wa sheria, si mpiga kelele.

Asubuhi moja Mama Atieno alikuwa akiipangusa vumbi. Akaisoma kwa sauti mpaka mwisho. "Na wengine," akasema. Akacheka kidogo, akakunja kitambaa, akaenda kuwasha jiko. Nami nikaendelea kufunga nyuzi mpya kwenye gitaa.

Jumapili ya pili baada ya hapo alivuka ukuta. Hakugombana, hakulia, hakuniambia nimetenda dhambi. Aliniambia tu, "Baba Atieno, mimi sasa nitaimba upande ule," kama mtu anayekuambia atanunua sukari duka lingine. Nyumbani alibaki mke wangu, alinikaangia samaki wa ngege na kunisuta kwa soksi zangu kama kawaida. Lakini sauti ilihama. Sikumuuliza kwa nini. Nilikuwa nimeshajua, au nilidhani nimeshajua: Pasta amenichukulia mwimbaji.

Hebu fikiria mwenyewe unaketi kwenye ukumbi mtupu Jumapili asubuhi, na mkeo anaimba kwenye spika ya mtu mwingine, spika iliyoelekezwa kwako. Na anaimba vizuri kuliko alivyowahi kuimba kwako! Hilo ndilo lililoniua. Angeimba vibaya ningemhurumia, ningemsamehe Pasta, ningelala usingizi.

Wivu una kumbukumbu ndefu. Mama mkwe alipofariki, mimi nilikuwa nimeahidi muziki kwenye sherehe ya watu fulani Jumamosi hiyo hiyo, nikafika Port Victoria kaburi limeshafukiwa na watu wanakunja turubai. Pasta alikuwa amefika tangu Alhamisi. Nilimkuta ameketi na wazee wa nyumbani kwa mke wangu, viti vimekaribiana kwa sababu ya ile sauti yake, wakimweleza ukoo mzima, nani alimzaa nani, nani alirithi jina la nani. Aliponiona alisimama akanipisha kiti. Nilikichukia kiti kile. Na mvua zilipofurika uwanda wa Kano, ni yeye aliyeipeleka kwaya Ahero, kwenye shule walikohamia watu, wakapike na kuimba. Mama Atieno alirudi na matope mpaka magotini, ndala moja imepotea, anacheka peke yake jikoni. Nikamuuliza anacheka nini. Akasema, "Ungekuwepo ungejua."

Sasa eleweni furaha yangu tangazo lilipotoka. Serikali ilisema kwamba nyumba zote za ibada zinazotumia vipaza sauti na vyombo vya muziki zichukue kibali cha burudani, kama kumbi nyingine. Matajiri wa mtaa wa Milimani walikuwa wamelalamika kwamba hawasikii hata televisheni zao. Nilisoma lile tangazo ukutani nikalisoma tena. Nikanunua mandazi, nikawagawia wapita njia. Nilijisemea, mpaka Pasta apate kibali, kwaya haina kazi, na mwimbaji asiye na kazi anarudi kwenye bendi yake. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka. Mambo ya haki na kelele yalikuwa maneno ya mdomoni tu.

Wakaitisha kikao cha maoni ya wananchi. Walikuja wa makanisa, wa msikiti, na mzee mmoja wa hekalu la Wahindu mwenye fimbo. Nikasimama, nikasema kwa ufasaha ambao ulinishangaza hata mimi. Nikasema, mimi nina kinanda, Pasta ana kinanda. Mimi nina gitaa, yeye ana gitaa. Mpiga ngoma wangu wa Jumamosi ndiye mpiga ngoma wake wa Jumapili. Kama mkono ni ule ule na ngoma ni ile ile, kwa nini upande mmoja wa ukuta iitwe burudani inayohitaji leseni, na upande wa pili isiitwe kitu? Watu wakapiga makofi. Nikatafuta uso wa Mama Atieno mle ukumbini, nikaukuta unaangalia dirisha.

Pasta aliposimama hakuna aliyesikia kitu. Wakampa maiki.

"Sisi kulipia hatukatai," alisema. "Kupunguza sauti pia tutapunguza, hata leo. Lakini hiyo fomu inasema burudani. Mimi siwezi kuandika kwamba tunamfanyia Mungu burudani."

Dada wa ofisi ya leseni alikuwa mpole. "Pasta, hilo ni neno tu la fomu."

"Kama ni neno tu, basi lifuteni."

Watu wakaangua kicheko. Mzee wa hekalu akagonga fimbo sakafuni, akasema kwa Kiswahili chake cha dukani, "Mimi iko jaza tayari. Mungu hapana soma fomu." Kicheko kikazidi, na hata Pasta akacheka. Lakini neno halikufutwa, na wote wakapewa muda wa kujaza.

Juma hilo akaja kwangu, na fomu ndani ya Biblia. "Jirani, wewe ni mzoefu wa hizi karatasi."

Fikiria! Mimi! Nilimkaribisha kwa moyo mbaya kabisa. Nikamketisha kaunta chini ya fremu yangu, nikachukua kalamu, nikaanza. Jina la mahali, andika. Idadi ya milango, andika. Aina ya burudani: akaweka kidole juu ya nafasi ile, akasema, "Hapo ruka." Nikaruka, nikijua fomu yenye pengo itarudishwa. Sikumwambia.

Tukafika kwenye watumbuizaji. Akatoa karatasi nyingine mfukoni, imekunjwa mara nne, akaanza kunisomea kwaya. Nililazimika kusogeza sikio. Pamela Awuor Onyango. Josiah Omondi Were. Akaendelea, akaendelea, mpaka nafasi ikaisha na mkono ukaniuma.

"Pasta, andika wewe na wengine, yawa! Fomu zote hujazwa hivyo."

Akanitazama kama mtu ambaye hajaelewa. "Wengine gani? Kila mtu ana jina." Kisha akasema, "Ngoja, nimekosea. Huyu anayeongoza angekuwa wa kwanza. Andika juu kabisa, hapo pembeni. Rosbela Akoth Odero."

Kalamu ilisimama. Kwa sekunde moja, na aibu hii nitakufa nayo, nilijiuliza huyo ni nani. Miaka kumi na minane nilimwita Mama Atieno. Jukwaani nilimwita "mama wetu hapa". Rosbela Akoth Odero lilikuwa jina la kwenye kitambulisho, jina la siku ya mahari. Na huyu mtu mwembamba alilitamka kama analitamka kila siku, na kweli alilitamka kila Jumapili, nami nikiwa kaunta nacheka. Nililiandika. Nilikuwa na wivu kiasi kwamba karatasi ilitoboka.

Fomu ikarudishwa kwa sababu ya lile pengo. Akarudishiwa mara ya pili, na mara zote mbili alikataa kuandika neno. Muda ukaisha, akaambiwa azime vipaza sauti mpaka atakapokamilisha. Akazima siku ile ile. Spika zikafunikwa shuka.

Nilingoja Jumapili kama mtoto anayengoja Krismasi. Nikaketi kwenye ukumbi wangu kufurahia kimya. Kisha upande ule Mama Atieno akaanza kuimba, bila mashine yoyote, ile sauti nzito yenye mkwaruzo, ikapita kwenye matofali ikiwa peke yake. Kumbe miaka yote spika zilikuwa zinanikinga! Niliinuka nikaenda kutembea mpaka Dunga, na huko nikakaa kutazama magugu maji yakielea ziwani mpaka ibada ilipoisha.

Lakini mvua za masika zilipoanza kupiga mabati, upande ule hawakusikilizana tena. Pasta alihubiri na watu wa mstari wa mbele peke yao ndio waliojua anasema nini. Wenye miguu mibovu na masikio mazito wakaanza kubaki nyumbani. Mama Atieno akaanza kurudi na sauti imekauka kwa kuimba juu ya mvua. Alikunywa maji ya tangawizi, akaketi kimya, na mimi niliyekuwa nimeitaka siku hiyo nikashindwa kuifurahia. Hakurudi kwenye bendi. Wala hakunitazama kama mtu anayefikiria kurudi.

Ndipo Pasta akaja, viatu vinang'aa, suruali imelowa. Hakusema tutaongea.

"Jirani, nimekuja tuongee."

Alitaka ukumbi wangu, Jumapili asubuhi. Alikuwa amekwenda ofisini kuuliza, wakamwambia ukumbi wenye leseni unaweza kupokea mkutano wowote wenye muziki. Nikamcheka.

"Kwa hiyo neno hutaliandika, ila utakaa chini yake?"

"Wewe umeshaliandika," alisema. "Kama ni dhambi, ni yako. Nitakuombea."

Hapo nikamtolea kile kilichokuwa kinanisumbua miaka yote. "Nitakupa ukumbi. Lakini nirudishie mwimbaji wangu. Jumamosi tu."

Pasta aliinama akafuta tone la maji kwenye kiatu. Alichukua muda mrefu kufuta tone moja. "Mimi sina mwimbaji wa kumpa mtu," alisema. "Mama yuko kwako kila siku, anakupikia. Wewe umeshawahi kumuuliza kwa nini alivuka?"

Nikachukua gilasi iliyokuwa safi, nikaanza kuifuta.

"Mimi pia sikumuuliza," akasema. "Alifika, nikamuuliza jina."

Nilimpa ufunguo. Msinisifu, nilimpa ili aondoke.

Jumapili ile niliamka mapema nikafagia, nikafunika friji ya bia kwa shuka. Watu wakaingia wakisita, wengine walikuwa hawajawahi kukanyaga pale, wakipangusa viti ambavyo havikuwa na vumbi. Kwaya ikapanda jukwaani. Mama Atieno alipanda ngazi zile tatu bila kutazama chini, kama anavyopanda mtu aliyezijua. Pasta alikuja kaunta kuomba maji, na wakati ninamimina akainua macho kwenye fremu. Akaisoma taratibu mpaka mwisho, midomo ikitembea.

"Jirani," akasema kwa ile sauti yake ya wodini, "hawa wengine ni akina nani?"

Hakuwa ananichoma. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu aliyeambiwa kuna wageni na anataka kuwasalimia. Nikageuka kuitazama fremu, na nikamwona Mama Atieno na kitambaa cha vumbi mkononi, akisoma kwa sauti, akicheka kidogo, akienda kuwasha jiko. Asubuhi ile nzima ikanirudia, nami nimeinamia nyuzi zangu za gitaa. Hakuna mtu aliyenichukulia kitu. Nilikuwa nimemtoa mwenyewe, kwa kalamu yangu, mwaka baada ya mwaka, nikamweka kwenye fremu na kioo juu yake.

Maji yalijaa yakamwagikia mkono wake. Akayanywa, akasema asante.

"Nijaribishie maiki," akasema. "Mashine ni zako."

Nikapanda. Mama Atieno alikuwa amenipa mgongo, anampanga mtoto wa mtu kwenye mstari wa sauti ya kwanza. Nikawasha maiki, nikaipuliza, na mdomo ukajiandaa kusema moja, mbili, kama ulivyozoea miaka yote. Ilinichukua muda kuuzuia.

"Rosbela Akoth Odero," nikasema.

Mkono wake ukabaki juu ya bega la yule mtoto. Hakugeuka.

"Inasikika," alisema.